Skrini ikigoma baada ya sasisho, usikubali kompyuta ifutwe

Ndugu Mhariri,

Twaomba nafasi tuzungumze na wenye kompyuta wa Mombasa, na mafundi wenzetu pia, kuhusu jambo linalowagharimu watu pesa na kazi zao bila sababu. Windows ikishajisasisha, madukani huletwa mashine zenye ugonjwa mmoja: skrini nyeusi yenye kishale peke yake, skrini inayopepesa kila dakika chache, maandishi yaliyovimba, projekta ambayo laptopu haiioni tena. Mwenye mashine huambiwa mojawapo ya maneno mawili: kadi ya picha imekufa, au tupige fomati. Aghalabu yote mawili si kweli. Kilichovurugika ni draiva ya picha, na draiva hurekebishwa bila kugusa faili hata moja ya mwenye kompyuta.

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo wa kompyuta na chipu ya michoro. Windows husema dirisha lichorwe hapa. Draiva huigeuza amri hiyo iwe lugha inayoeleweka na chipu ya Intel, AMD au NVIDIA. Sasisho kubwa hubadilisha upande mmoja wa mazungumzo hayo, na shida huingia kwa njia tatu. Huenda Windows Update ikaleta draiva yake ya jumla na kuiweka juu ya ile ya mtengenezaji wa laptopu, ambayo ilikuwa imepimwa kwa skrini na vitufe vya mwangaza vya modeli hiyo. Huenda stima ikapotea kazi ikiwa katikati, faili nusu zikawa mpya na nusu za zamani. Au draiva ya zamani haikubaliki kabisa na mfumo mpya, ikawekwa kando, na Windows ikabaki na draiva yake ya dharura iitwayo Microsoft Basic Display Adapter.

Hii ya tatu yatambulika kwa macho. Aikoni za deskitopu huwa kubwa kama vitumbua, na duara huonekana kama yai kwa sababu picha ya 1024 kwa 768 imevutwa ijaze skrini pana. Kidude cha kuongeza na kupunguza mwangaza hutoweka. Skrini ya pili haionekani. Video hukatika-katika huku feni ikivuma, kwa kuwa prosesa ndiyo inayochora kila kitu badala ya chipu ya michoro. Anayehariri video za harusi atakuta programu yake yalalamika kwamba haioni kadi. Mashine hiyo haijafa. Inatembelea tairi la spea.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, tenganisha chuma na programu. Kipimo kipo na hakina gharama. Washa mashine uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kubonyeza kitufe chake mara tu inapowaka: Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1, kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Ukiwa humo Windows haijaanza, wala draiva yake haijapakiwa. Ukiona mistari ya rangi, vidoti vya kijani au giza hata ndani ya BIOS, basi tatizo ni chuma: kadi, waya wa skrini au paneli. BIOS ikikaa safi kwa dakika kumi, na picha ikaharibika pale tu Windows inapoanza kupakia au baada ya kuandika neno la siri, shuku draiva kwanza. Laptopu ikiwa giza kote, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitoka huko, chipu ni nzima. Tafuta shida kwenye paneli, waya wake au taa yake ya nyuma.

Hapa pwani tuna nyongeza yetu. Hewa ya chumvi hula shaba. Kadi ya kompyuta ya mezani iliyokaa miaka kadhaa kwenye chumba kinachopokea upepo wa bahari, ukiichomoa utaona meno yake ya dhahabu yamefifia, na pembeni mwake kumeota ukungu wa kijani. Kadi kama hiyo hushika na kuachia, na mtu akalaumu sasisho kwa kuwa tu mambo mawili yalikutana siku moja. Zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa kadi. Safisha meno kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha yakauke, irudishe kadi mpaka klipu ilie. Ukiwa hapo hapo, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye tundu la bodi kuu lililo juu yake. Mashine ikihamishwa meza, kosa hili ni rahisi kufanyika.

Ikithibitika ni programu, anza na mepesi. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini huzimika kwa muda wa kupepesa jicho, mlio mfupi husikika, picha hurudi. Hapo umeianzisha draiva upya bila kufunga kazi yoyote. Picha ikirudi kuwa nzima, hata kwa dakika tano tu, umepata ushahidi kuwa mgonjwa ni draiva. Halafu bonyeza Windows na P, teremka kwa mshale, piga Enter, ujaribu kila chaguo. Baada ya sasisho mashine yaweza kubaki ikituma picha kwa skrini ya pili ambayo haipo.

Kisha iwashe upya, na hapa twasisitiza: chagua "Restart", usichague "Shut down". Windows 10 na 11 zina mtindo wa kuwaka haraka, Fast Startup. Ukizima kwa "Shut down", mtindo huo huhifadhi kiini cha mfumo pamoja na madraiva kwenye diski, na kuvirudisha vile vile asubuhi. Mtu huapa amezima na kuwasha mara tano, kumbe draiva iliyokwama ni ile ile ya jana. "Restart" huanza na ukurasa mtupu.

Shida ikibaki, bonyeza Windows na X, uchague Device Manager, ufungue "Display adapters". Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haipo. Ukikuta jina la kadi na alama ya manjano, bofya mara mbili usome namba ya kosa, kwa sababu namba hiyo ina maana. 28 ni kwamba hakuna draiva iliyowekwa. 31 na 39 ni kwamba Windows imeshindwa kuipakia, na 39 husema faili zake zimeharibika au hazipo. 22 ni kwamba mtu amekizima kifaa kwa mkono, nacho chahitaji kuwashwa tu. 43 ndiyo inayoponza mafundi: kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu na Windows ikakisimamisha. Yaweza kuwa draiva, yaweza kuwa joto, yaweza kuwa kadi inakata roho. Asikuuzie mtu kadi mpya kwa 43 peke yake.

Hujui kadi ni ya nani? Humo humo nenda kichupo cha "Details", chagua "Hardware Ids". VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, na herufi nne zinazofuata neno DEV ndizo modeli. Ukiwa na namba hizo huna haja ya kubahatisha, wala ya kupakua zile programu zinazodai kutafuta madraiva yote kwa mpigo. Nyingi hujaza mashine matangazo, na draiva zinazoleta mara kwa mara si zake.

Tiba ya kwanza ni kurudi nyuma. Kwenye kichupo cha "Driver", andika mahali namba na tarehe ya draiva iliyopo, kisha bonyeza "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa hai, Windows imeiweka ile ya awali na itairudisha ndani ya dakika chache. Kikiwa kimefifia usikate tamaa. Bonyeza "Update Driver", kisha "Browse my computer for drivers", kisha "Let me pick from a list of available drivers on my computer". Ukurasa huu wengi hawaufikii, nao ndio wenye hazina: toleo la zamani huwa bado limelala kwenye hifadhi ya Windows, na ukilichagua kazi imekwisha, tena bila kutumia hata MB moja ya bando.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, huwezi kufika huko bila kupitia Safe Mode, ambako Windows huwaka kwa ile draiva ya dharura. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime wakati inapoanza kupakia, fanya hivyo mara mbili au tatu mfululizo, nayo itafungua ukurasa wa ukarabati. Pita "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4, au 5 ukihitaji intaneti. Picha ikitulia ndani ya Safe Mode, huo ni ushahidi mwingine dhidi ya draiva. Kwenye ukurasa huo huo wa "Advanced options" kuna "Uninstall Updates", ambako sasisho la karibuni huondolewa hata kama deskitopu haifunguki.

Kabla hujaingia Safe Mode, jambo moja lenye uzito kuliko yote ya barua hii. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe, yaani huzifunga kwa ufunguo wa siri, mwenyewe asijue, hasa ikiwa aliingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa njia ya kuwakia, mashine inaweza kudai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana kwa kuingia kwenye akaunti yako kupitia simu, anwani aka.ms/myrecoverykey. Mashine ikiwa bado inawaka, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi uandike manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu zote kwenye karatasi. Diski iliyosimbwa ikishafutwa kwa fomati, hakuna fundi wa Mombasa wala wa Nairobi atakayerudisha picha za mtoto wako wala mitihani ya shule.

Kurudi nyuma kusipofaa, safisha na uweke upya. Mpangilio wa hatua ndio siri yake. Kwanza pakua draiva sahihi uihifadhi kwenye flashi. Ya NVIDIA huzidi MB 500, kwa hiyo ipakue mara moja uitunze. Pili, kata intaneti kabisa: chomoa waya, zima Wi-Fi. Tatu, ingia Safe Mode uendeshe Display Driver Uninstaller, programu ya bure ambayo mafundi huiita DDU. Chagua GPU, yaani chipu ya michoro, chagua kampuni, bonyeza "Clean and restart". Nne, weka draiva kutoka kwenye flashi. Intaneti irudi baada ya hapo tu. Anayeruka hatua ya pili hurudi kulalamika, maana katika ule mwanya ambao mashine haina draiva, Windows Update hukimbilia mtandaoni na kuleta ile ile iliyoleta balaa. Wenye kadi za AMD wanaijua dalili yake: programu ya AMD hukataa kufunguka, ikisema hailingani na draiva iliyopo.

Draiva sahihi ni ipi? Kwa kompyuta ya mezani, ichukue kwa aliyeunda chipu. Kwa laptopu, anza na tovuti ya aliyeunda laptopu, kwa namba ya mashine. Dell huiita Service Tag, ina herufi na tarakimu saba chini ya mashine. Kibandiko kikiwa kimekwanguka, fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_BIOS, namba itatokea. Ukipakua ya Intel moja kwa moja na ikakuambia kwamba draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii, usilazimishe. Maana yake mtengenezaji ana yake.

Laptopu zenye chipu mbili, Intel na NVIDIA, zina mtego wake. Katika nyingi, paneli imeunganishwa na Intel. NVIDIA huchora kazi nzito, kisha hupitisha picha kwa Intel ndipo ifike machoni. Kwa hiyo Intel ikikosa draiva, hata NVIDIA ikiwa nzima mambo hayaendi. Weka ya Intel kwanza, "Restart", ndipo uweke ya NVIDIA.

Sasa tuseme kuhusu laptopu za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, maana ndizo wengi wetu twazimudu. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo watu wanakimbilia Windows 11 hata kwa mashine ambazo haikuandikiwa, kwa kutumia flashi iliyotengenezwa kuruka vikwazo. Tazama namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8, i7-1165G7 ni cha 11. Kwa Intel, Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8, na kwa upande wa picha hudai DirectX 12 na draiva ya WDDM 2.0, ambavyo ni viwango vya Microsoft vya michoro. ThinkPad T420 ni kizazi cha 2, T430 cha 3, EliteBook 840 G1 cha 4. Chipu za picha za vizazi hivyo Intel haikuziandikia draiva ya Windows 11. Ya Windows 10 huenda ikaingia na ikafanya kazi, lakini kila sasisho kubwa laweza kuing'oa, na hakuna tena wa kuirekebisha. Fundi anayemwekea mteja Windows 11 kwenye T420 ana wajibu wa kumwambia hivyo kabla ya kupokea pesa. Njia salama zaidi ni mbili: kubaki Windows 10 na kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya nyongeza, yanayodumu hadi 13 Oktoba 2026, au kuhamia Linux, mfumo mwingine wa bure, ambako draiva ya chipu hizo za Intel imo ndani ya mfumo wenyewe.

Wenye kadi za zamani za NVIDIA nao wana mpaka. Familia ya Kepler, kama GTX 650 na GT 710, iliishia tawi la 470, yaani draiva ambazo namba zake huanza na 47. Maxwell na Pascal, kama GTX 750 Ti, 960, 1050 Ti na 1060, zinaishia tawi la 580: draiva za kawaida za Windows zilikoma Oktoba 2025, na za usalama pekee zitaendelea kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Kuweka toleo la juu zaidi kwa matumaini kwamba jipya ni bora ni kupoteza bando.

Kuna skrini inayozimika na kurudi yenyewe, ikifuatwa na ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu kisha ikapata nafuu. Windows huipa chipu sekunde 2 kumaliza kazi. Ikichelewa, draiva huanzishwa upya, na kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tukio namba 4101 huandikwa. Ikirudia zaidi ya mara tano ndani ya dakika moja, hutokea ile skrini ya mauti yenye VIDEO_TDR_FAILURE. Jina la faili lililoandikwa hapo hukuonyesha mshtakiwa: nvlddmkm.sys ni NVIDIA, igdkmd64.sys ni Intel, amdkmdag.sys ni AMD. Hili likianza siku ile ile ya sasisho, rudisha draiva. Likija tu saa nane mchana, kazi ikiwa nzito na chumba hakina feni, fungua Task Manager, kichupo cha "Performance", utazame joto la kadi. Ikikaribia nyuzi 90 kwa kazi ndogo, mashine yataka kupulizwa vumbi na kubadilishiwa pesti ya joto. Wako wanaoongeza zile sekunde 2 kwenye rejista ili ujumbe usitokee. Hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo.

Stima ikikatika katikati ya sasisho, kabla ya kulaumu draiva tengeneza mfumo wenyewe. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, subiri ifike asilimia 100, kisha sfc /scannow. Zote mbili huchukua muda, na mara nyingine huonekana zimekwama. Ziache.

Kwa wanafunzi na wengine wanaotumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, wenye kadi ya NVIDIA, sababu ni tofauti kidogo. Moduli ya NVIDIA, ndiyo draiva yake, hufungamana na toleo moja la kiini cha mfumo (kernel). Kiini kipya kikiingia na moduli yake isijengwe, unabaki na giza au skrini ya azimio dogo, na nvidia-smi husema imeshindwa kuwasiliana na draiva. Mashine inapowaka shikilia Shift, au bonyeza Esc kwa zile za UEFI, ingia "Advanced options", uchague kiini cha awali. Ikiwaka vizuri, umeshapata jibu. Baki humo, andika dkms status uone moduli imejengwa kwa viini vipi, kisha weka vichwa vya kiini kipya, kifurushi cha linux-headers chenye namba ile ile, na uendeshe sudo dkms autoinstall -k ikifuatwa na namba ya kiini kipya. Au acha Ubuntu ichague yenyewe: sudo ubuntu-drivers install. Hakuna kiini kinachowaka? Kwenye orodha bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset mwishoni mwake, halafu F10. Utapata picha duni lakini inayotosha kufanyia kazi.

Mtego wa Ubuntu ambao hunasa hata wajuzi ni Secure Boot, ulinzi unaozuia moduli isiyo na idhini kupakiwa. Ukiweka draiva, huulizwa utunge neno la siri. Mashine ikiwaka tena huonyesha skrini ya bluu yenye "Perform MOK management" na kukupa sekunde 10 tu za kubonyeza kitufe. Ukichelewa hupita kimya, moduli ikakosa idhini, na kila kitu kikaonekana kimewekwa sawa ilhali hakipakiwi. Chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", andika lile neno la siri.

Sasa kinga, nayo twaielekeza hasa kwa shule, saibakafe na ofisi zenye mashine nyingi. Kabla ya sasisho kubwa, tengeneza folda kwenye diski ya nje, tuseme D:\Madraiva, kisha kwa mamlaka ya msimamizi andika pnputil /export-driver * D:\Madraiva. Madraiva yote yaliyoongezwa kwenye mashine hunakiliwa humo. Siku ya balaa utayarudisha kwa pnputil /add-driver D:\Madraiva\*.inf /subdirs /install, bila intaneti. Kwa mashine ishirini za modeli moja, nakala moja yatosha zote.

Usisasishe mashine zote siku moja. Sasisha moja, itumie wiki nzima pamoja na projekta na printa, ndipo uguse nyingine. Windows 11 hukuruhusu kusimamisha masasisho hadi wiki tano. Kwenye toleo la Pro, ndani ya gpedit.msc, upande wa Windows Update, kuna "Do not include drivers with Windows Updates". Ukiiwasha, masasisho ya usalama yataendelea kuja lakini madraiva hayataletwa. Fahamu kwamba madraiva yatazuiwa yote, hata ya printa, kwa hiyo hayo utayaweka mwenyewe. Mashine inayotumia hotspoti ya simu, iwekee alama ya "Metered connection", isije ikaanza sasisho bando likiwa limebaki kidogo.

Aliyehamia toleo jipya na akajuta ana siku 10 za kurudi kwa "Go back", chini ya "Recovery" kwenye mipangilio. Muda huo huongezwa hadi siku 60 kwa amri DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, mradi uiandike kabla ya siku 10 kuisha na usiifute folda ya Windows.old kwa ajili ya kupata nafasi.

Tunalo ombi kwa mafundi wenzetu wa mji huu. Mteja akileta mashine iliyogoma baada ya sasisho, risiti yake iandikwe mambo manne: jina la kadi, namba ya draiva iliyokutwa, namba ya draiva iliyowekwa, na kama diski ilifutwa au la. Ni mistari minne ya kalamu. Mteja akienda kwa fundi mwingine mwezi ujao, huyo hataanza gizani. Nawe mwenye mashine, ukiambiwa lazima ifutwe, uliza kwanza BIOS ilionekanaje, Device Manager ilitoa namba gani, na je, draiva ya zamani ilijaribiwa. Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo matatu hajaikagua mashine yako, ichukue uondoke nayo.

Wenu,
Mafundi wa kompyuta,
Mwembe Tayari, Mombasa